Kujenga vizimba vya molekuli kwa bondi za halojeni: mwongozo kamili, kuanzia ligandi hadi mgeni wa ndani

Kizimba cha molekuli ni umbo lenye uwazi ndani, lililojengwa kwa ligandi, yaani molekuli zenye mikono inayoshika ioni; mgeni ni molekuli ndogo inayokaa ndani ya uwazi huo. Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia chupa ya iodini. Wanakosea mlango. Katika njia inayotegemeka zaidi, umbo la kizimba hujengwa kwanza kwa ioni za fedha, kabla iodini haijaguswa. Iodini huja baadaye na kukaa pale fedha ilipokuwa imekaa. Ukiwa na kizimba cha fedha kilichofungika vizuri, cha iodini una nafasi nzuri ya kukipata. Ukiwa na fujo ya fedha, utapata fujo ya iodini, tena isiyodumu.

Mwongozo huu unamfaa mtu mwenye maabara ya kemia ya kawaida: kabati la kufyonza hewa, viyeyushi vikavu, NMR (kifaa kinachosoma atomu za molekuli kwa sumaku), na spektromita ya tungamo (kifaa cha kupima uzito wa molekuli) anayoweza kuifikia. Fuwele na mionzi ya X ni vizuri kuwa navyo, lakini kazi haisimami kwa kuvikosa.

Bondi yenyewe ikoje

Atomu ya iodini iliyofungwa kwenye kaboni haijavikwa elektroni sawasawa pande zote. Kiunoni zimejaa, lakini kwenye ncha inayotazamana kinyume na bondi ya C–I ni haba, na hapo hubaki doa lenye chaji chanya kidogo. Doa hilo ndilo tundu la sigma, jina lililotolewa mwaka 2007 na Clark, Politzer na wenzao. Jambo lenyewe lilijulikana zamani zaidi. Odd Hassel wa Norwei alionyesha katika miaka ya 1950, kwa fuwele za bromini na dioksani, kwamba halojeni hujipanga kwenye mstari mnyoofu na oksijeni ya jirani, na mwaka 1969 alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia. IUPAC, chombo cha kimataifa cha majina na fasili za kemia, ilitoa fasili rasmi ya bondi ya halojeni mwaka 2013.

Kwa mjenzi, yaliyo muhimu ni haya. Bondi hii ina mwelekeo mkali: pembe ya C–I···N hupenda kukaa karibu na nyuzi 180, na ukiipinda nguvu hushuka upesi kuliko ilivyo kwa bondi ya hidrojeni. Nguvu huongezeka kutoka klorini kwenda bromini hadi iodini. Florini kwa kawaida haifai kabisa kama upande wa kutoa doa. Vilevile nguvu hupanda unapoweka vivutaji vya elektroni karibu na iodini, ndiyo maana utaona pete za benzini zilizojazwa florini kila mahali katika fani hii. Ishara ya kuaminika ndani ya fuwele ni umbali: jumla ya nusu-vipenyo vya van der Waals vya iodini na nitrojeni ni angstromu 3.53 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita), ilhali katika bondi nzuri ya aina hii iodini na nitrojeni hukaribiana hadi 2.8 au 2.9.

Kuna ndugu wa bondi hii mwenye nguvu kubwa zaidi. Ukichukua ioni ya iodini yenye chaji chanya, I⁺, ukaiweka katikati ya nitrojeni mbili, unapata kiungo cha N–I–N kilichonyooka, chenye umbali wa takriban angstromu 2.25 kila upande. Elektroni 4 zimegawanywa kwa vituo 3, na iodini haielemei upande wowote. Mfano unaojulikana zaidi ni chumvi ya iodini na piridini mbili ambayo wanakemia wa usanisi huiita kitendanishi cha Barluenga. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kiungo hiki.

Chagua njia: isiyo na chaji au yenye chaji

Njia ya kwanza hutumia bondi za halojeni za kawaida, zisizo na chaji. Kundi la François Diederich katika chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, lilitoa mfano wake mwaka 2015: bakuli mbili za resosinareni (molekuli zenye umbo la bakuli), moja ikiwa na iodini nne ukingoni na nyingine ikiwa na piridini nne, zikafunikana mdomo kwa mdomo na kufanya kapsuli. Kidumu cha kufungamana, yaani kipimo cha jinsi bakuli zinavyoshikana, kilifika 5370 kwa kila molari, kwenye nyuzi joto 10 za Selsiasi, ndani ya mchanganyiko wa benzini, asetoni na methanoli kwa uwiano wa 70:30:1. Molekuli za mfano zenye kiungo kimoja tu hazikuonyesha kufungamana kokote humo. Hapo ndipo unapoona thamani ya viungo vinne vinavyofanya kazi pamoja.

Lakini hesabu kabla hujashangilia. Kwa kidumu hicho, ukichanganya bakuli hizo mbili kila moja ikiwa milimola 1 (milimoli 1 kwa kila lita), takriban asilimia 65 tu ndizo zitakuwa kapsuli. Punguza hadi milimola 0.1 na asilimia inashuka hadi 28. Yaani kizimba cha namna hii ni kitu cha mizani: kipo na hakipo, kinafunguka na kufunga muda wote. Kwa anayetaka kuchunguza wageni wanaoingia na kutoka, hiyo ni sifa. Kwa anayetaka kitu cha kuweka kwenye chupa na kukitumia wiki ijayo, ni kero.

Njia ya pili ni ya N–I–N. Kundi la Kari Rissanen katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, lilichapisha mwaka 2016 kapsuli za bakuli mbili zilizoshonwa kwa viungo hivyo, na mwaka 2017 vizimba viwili vya ligandi zenye mikono mitatu: kimoja cha iodini 3 na ligandi 2, kingine cha iodini 6 na ligandi 4. Kikubwa hicho kina chaji chanya 18, kwa sababu kila ligandi yake tayari ilikuwa na chaji 3.

Maoni yangu ni kwamba anayeanza aanze na kidogo cha njia ya pili, yaani iodini 3 na ligandi 2. Usanisi wake ni mfupi, na kila hatua ina kitu cha kuona kwa macho.

Uwiano hauamui ukubwa

Ligandi yenye nitrojeni 3 na iodini inayotaka nitrojeni 2 huleta uwiano wa iodini 3 kwa ligandi 2. Uwiano huo huo unatimia katika kizimba cha ligandi 2, cha ligandi 4, na hata katika mtandao usio na mwisho unaoganda chini ya chupa kama gundi. Mizani ya maabara, basi, haiwezi kukuchagulia umbo. Linachaguliwa na vitu viwili: ugumu wa mikono ya ligandi na pembe inayoelekea nitrojeni.

Mikono laini inayoweza kukunjana upande mmoja wa pete huleta kizimba kidogo, kwa sababu molekuli mbili hutazamana na kufungana haraka. Mikono migumu inayoelekea nje hukataa kukutana wawili kwa wawili. Inalazimika kutafuta wenzake na kujenga umbo lenye pembe nne. Ligandi tutakayotumia ina pete ya benzini katikati, mikono mitatu ya imidazoli (pete ndogo yenye nitrojeni mbili) iliyoshikwa kwa kaboni moja moja, na methili tatu katikati ya mikono hiyo. Methili hizo zina kazi: huizuia mikono isilale sambamba na pete, ikabidi isimame juu au chini yake. Ikisimama yote mitatu upande mmoja, una nusu ya kizimba.

Kanuni nyingine ya kubuni, ambayo husahaulika: kila kipande cha ligandi lazima kivumilie I⁺. Ioni hii ina njaa ya elektroni na itazitafuta popote. Pete yenye hidroksili au amino itapachikwa iodini kwenye kaboni zake badala ya kukuachia kiungo cha N–I–N. Pete yetu ya katikati imejaa nafasi zote sita, hakuna mahali pa kupachika.

Hatua ya 1: ligandi

Lengo ni 1,3,5-tris(imidazol-1-ilimethili)-2,4,6-trimethilibenzini, C₂₁H₂₄N₆, uzito wa moli 360.46. Anza na 1,3,5-tris(bromomethili)-2,4,6-trimethilibenzini, ambayo huuzwa tayari. Ukiipima, vaa glavu na fanya kazi ndani ya kabati: unga wake huwasha macho vibaya sana.

Yeyusha imidazoli kwenye kiyeyushi kikavu, ondoa protoni yake kwa besi kama hidridi ya sodiamu, kisha ongeza tribromidi polepole. Tumia imidazoli zaidi ya moli 3 kwa kila moli ya tribromidi. 4 hadi 5 ni salama. Ukiibana imidazoli, nitrojeni ya pili ya mkono uliokwisha kuungwa itashambulia bromidi nyingine, na utabaki na chumvi za imidazoliamu zinazonata na zisizosafishika. Imidazoli iliyozidi huondoka kwa kuosha na maji, hivyo hakuna sababu ya ubahili hapa.

NMR ya protoni itakuambia kama umefika. Kwa sababu mikono yote mitatu ni sawa, mistari ni michache: methili karibu na 2.3 ppm (kipimo cha nafasi ya mstari kwenye NMR), CH₂ karibu na 5.3, na tatu za imidazoli kati ya 6.7 na 7.6, kwa uwiano wa 9:6:3:3:3. Ukiona CH₂ za aina mbili, mkono mmoja haujaungwa. Rudia usafishaji, usiseme utasafisha mbele ya safari, kwa maana mbele ya safari hakuna mahali pa kusafishia.

Kisha kausha. Imidazoli hushika maji, na maji ndiyo adui mkubwa wa kila kitu kinachofuata. Uweke unga kwenye ombwe usiku mzima, kwenye joto la wastani.

Hatua ya 2: kizimba cha fedha

Pima miligramu 36.0 za ligandi, sawa na milimoli 0.100. Pima miligramu 37.9 za heksaflorofosfeti ya fedha, AgPF₆, sawa na milimoli 0.150. Chumvi hii hufyonza unyevu upesi sana. Ukiiona imelowa kwenye karatasi ya kupimia, uzito uliousoma si wa fedha peke yake. Kama una sanduku la glavu, pimia humo.

Neno kuhusu ioni pinzani, yaani ioni hasi zinazosawazisha chaji chanya. PF₆⁻ na BF₄⁻ hazishikamani sana na fedha wala iodini, ndiyo maana zinapendwa. Nitreti na asetati hung'ang'ania iodini na kuiiba. Perkloreti hufanya kazi kikemia lakini chumvi zake na vitu vya kikaboni zinaweza kulipuka zikikauka, na sioni faida inayolipia hatari hiyo.

Yeyusha ligandi kwenye mililita 8 za asetonitrili iliyokaushwa kwa chungio za molekuli za angstromu 3. Yeyusha chumvi ya fedha kwenye mililita 2. Funika chupa kwa karatasi ya alumini kwa sababu fedha huchafuka kwa mwanga. Dondosha fedha ndani ya ligandi huku ukikoroga. Kwa kawaida utaona ukungu unaotokea na kupotea mara kwa mara: hayo ni maumbo ya muda, minyororo mifupi inayovunjika na kujipanga upya. Ukungu ukikataa kupotea hata baada ya nusu saa, mmumunyo wako ni mzito mno, ongeza asetonitrili. Mmumunyo mwepesi hupendelea vizimba vidogo vilivyofungika, mzito hupendelea mitandao.

Sasa simama hapo. Chukua tone moja, lizimue kwa asetonitrili hadi mikromola 20 au 30, na uliweke kwenye spektromita ya tungamo. Unatafuta kundi la mistari karibu na m/z (tungamo gawanya kwa chaji) 348, lenye chaji 3. Fedha ina isotopu mbili, 107 na 109, ambazo zinakaribiana kwa wingi, kwa hiyo fedha tatu huchora kundi pana lenye vilele vinne vikuu vinavyopishana kwa theluthi mbili ya kipimo kimoja. Mchoro huo ukiuona, endelea. Usipouona, hakuna iodini itakayokuokoa.

Hatua ya 3: kubadilisha fedha kwa iodini

Mmenyuko wenyewe ni mzuri kwa urahisi wake. Iodini mbili zinaachana: moja inakwenda na fedha na kuanguka kama iodidi ya fedha, AgI, ambayo haiyeyuki, nyingine inabaki kati ya nitrojeni mbili ikiwa I⁺. Kila fedha inahitaji molekuli moja ya I₂, si nusu. Hili huwapotosha wengi, kwa sababu wanahesabu atomu badala ya molekuli.

Kwa milimoli 0.150 za fedha unahitaji miligramu 38.1 za I₂. Usiipime kwa kijiko cha chuma; iodini hukila, na wewe unapoteza uzito. Tumia kijiko cha plastiki au kioo. Yeyusha kwenye mililita 3.0 za diklorometani kavu, upate mmumunyo wa zambarau wa molari 0.05. Asetoni usiitumie hata kidogo hapa: hupachikwa iodini na kuzaa kitu kinachotoa watu machozi.

Dondosha taratibu, kwa muda wa dakika 10 hivi, giza bado likiwapo na mkorogo ukiendelea. Tone la kwanza likigusa mmumunyo, zambarau inatoweka papo hapo na mahali pake panatokea maziwa ya manjano hafifu. La pili vilevile. Kadiri unavyoendelea maziwa yanazidi kuwa mazito na manjano yanakolea. Karibu na mwisho rangi ya tone inachukua sekunde kadhaa kufifia. Unapofika mahali ambapo rangi ya kahawia hafifu inabaki kwa dakika nzima, acha, hata kama mililita 3 hazijaisha.

Kuzidisha iodini ni kosa baya kuliko kuipunguza. Iodini ya ziada hukutana na iodidi yoyote iliyopo na kuzaa poliiodidi, ambazo huingia kama ioni pinzani, hutia rangi nyekundu-kahawia, na huvuruga ufuweleshaji. Iodini ikipungua unabaki na fedha kidogo ndani ya vizimba, jambo ambalo spektromita itakuonyesha na unaweza kulirekebisha kwa matone mawili zaidi.

Koroga dakika 15 nyingine, kisha chuja. Chembe za AgI ni ndogo sana na hupita kwenye karatasi ya kawaida ya kuchujia. Tumia mashine ya mzunguko (sentrifuji) kwanza ili mashapo yakae chini, halafu pitisha kimiminika kwenye chujio la PTFE (plastiki ya aina ya Teflon) la mikromita 0.2. Mmumunyo unaotoka unapaswa kuwa angavu, bila ukungu, usio na rangi au wenye manjano ya mbali.

Mashapo usiyatupe bado. Yaoshe kwa asetonitrili, yakaushe, yapime. Ubadilishaji kamili hutoa miligramu 35.2 za AgI. Ukipata 30, ni asilimia 85 tu ya fedha iliyotoka, na tayari unajua hilo kabla ya kifaa chochote cha gharama kukuambia.

Mmumunyo safi umimine polepole kwenye dietili etha kavu na baridi, kiasi cha mara tano hadi kumi. Kizimba kitashuka kama unga mweupe au wa manjano hafifu. Kiasi cha juu kabisa kinachowezekana ni miligramu 76.8.

Hatua ya 4: kuhakikisha kwamba ni chenyewe

Hapa ndipo pana ubishi mwingi, na una sababu. Kizimba cha fedha, kizimba cha iodini na ligandi iliyoshika protoni vinaweza kufanana sana kwenye NMR ya protoni. Mistari inasogea kidogo upande mmoja au mwingine, na mtu anayetamani matokeo hujiaminisha kirahisi.

Anza na spektromita ya tungamo, kwa mipangilio ya upole na asetonitrili kavu. Methanoli huua I⁺. Kizimba cha iodini 3 na ligandi 2 chenye chaji 3 kipo m/z 367.0. Pamoja na PF₆⁻ moja, chaji 2, kipo 623.0. Iodini ina isotopu moja tu ya asili, 127, kwa hiyo lile kundi pana la fedha hubanwa na kuwa kundi jembamba. Ukifanya ubadilishaji nusu nusu utaona ngazi nzima: karibu 348 kwa fedha tatu, 354 kwa fedha mbili na iodini moja, 361 kwa fedha moja na iodini mbili, kisha 367. Mtego upo kwenye 361. Ligandi moja iliyoshika protoni ina m/z 361.2, karibu mahali hapo hapo. Angalia nafasi kati ya vilele vya isotopu: theluthi moja ni chaji 3 na ni kizimba; kipimo kizima ni chaji 1 na ni ligandi tupu yenye protoni, dalili kwamba maji yameingia.

Kwenye NMR, kifaa cha maana zaidi ni nitrojeni-15, inayopatikana bila kurutubisha isotopu kwa kutumia majaribio ya HMBC ya protoni na nitrojeni (yanayosoma nitrojeni kupitia protoni za jirani). Nitrojeni ya piridini inaposhika I⁺ husogea takriban 100 ppm kuelekea uwanja wa juu, na fedha husogeza takriban nusu ya hapo. Imidazoli hufuata mwelekeo huo huo. Tahadhari moja: protoni nayo husogeza nitrojeni kwa kiasi kikubwa, hivyo nitrojeni-15 hutenganisha iodini na fedha vizuri kuliko inavyotenganisha iodini na protoni. Kwa la pili, tafuta mstari mpana wa NH juu ya 10 ppm.

Kisha pima mtawanyiko, yaani jinsi molekuli inavyosafiri ndani ya kiyeyushi, kwa jaribio la NMR liitwalo DOSY. Mistari yote ya kizimba inapaswa kuwa na kigezo kimoja cha mtawanyiko. Kwa umbo lenye nusu-kipenyo cha nanomita 0.7 ndani ya asetonitrili kwenye nyuzi joto 25, mlinganyo wa Stokes na Einstein unatoa karibu 9 × 10⁻¹⁰ m² kwa sekunde. Usitegemee namba hiyo peke yake. Pima na ligandi tupu kwenye mmumunyo kama huo, na linganisha. Thamani iliyo ndogo mno, tena yenye mistari minene, ni mtandao.

Fuwele hupatikana kwa kuuacha mvuke wa etha uingie taratibu kwenye mmumunyo wa asetonitrili, gizani, kwenye baridi. Muundo ukitoka, soma umbali na pembe. N–I–N iliyo karibu na nyuzi 180 yenye bondi za angstromu 2.2 hadi 2.3 ni iodini. Fedha hukaa karibu zaidi na nitrojeni, kwa kawaida 2.1 na kitu, na mara nyingi hupinda kwa kuvutwa na ioni pinzani au na fedha ya jirani. Iodini na fedha hutofautiana kwa elektroni 6 tu, 53 dhidi ya 47, hivyo programu inaweza kukubali yoyote kati ya hizo ukiilazimisha. Muundo wa fuwele usipokubaliana na tungamo, iamini spektromita.

Hatua ya 5: mgeni

Kizimba cha ligandi mbili za ukubwa huu kina nafasi finyu. Usitarajie kuingiza zaidi ya kitu kidogo sana, na mara nyingi ni ioni pinzani yenyewe inayojisogeza kwenye uwazi. Wageni wa maana huanza kwenye kapsuli za resosinareni na vizimba vya ligandi nne. Kapsuli ya Zurich, kwa mfano, ilimeza dioksani na dithiani, molekuli moja kwenye kila chumba.

Kanuni ya Mecozzi na Rebek ya mwaka 1998 bado ndiyo pa kuanzia: mgeni apendaye kukaa hujaza takriban asilimia 55 ya ujazo wa ndani. Akijaza 40 anapwaya na kutoka, akijaza 75 haingii. Hesabu ujazo wa chumba kutoka kwenye muundo wa fuwele, au kutoka kwenye umbo ulilokokotoa kwa kompyuta, kabla ya kununua wageni.

Kwa vizimba vya N–I–N kuna sharti la ziada: mgeni asiwe na nitrojeni au fosforasi inayoshindana na ligandi. Amini nzuri itaichukua I⁺ na kuondoka nayo, na utadhani umeona mgeni akiingia kumbe umeona nyumba ikibomolewa. Wageni wasio na chaji na wasio na elektroni za kugawa, kama saikloheksani au benzini, ni salama. Kwa kapsuli zisizo na chaji, mshindani mkubwa ni kiyeyushi: DMSO (dimethili salfoksidi), tetrahidrofurani na piridini hukamata doa la iodini kabla ya wenzake. Benzini, diklorometani na kloroformu huacha kazi iendelee.

Mambo yanapoharibika, na mabaki

Unga ukigeuka kahawia siku chache baadaye, umepata unyevu au mwanga. I⁺ ikikutana na maji huvunjika, ligandi hubaki na protoni, na iodini huru hutia rangi. Hifadhi kwenye nyuzi joto 20 chini ya sifuri, gizani, kwenye chupa iliyofungwa chini ya argoni, na toa kiasi unachohitaji tu. Kufungua na kufunga chupa baridi ndiko kunakoingiza umande. Mmumunyo ukiganda kama gundi wakati wa hatua ya fedha, uzimue mara tatu na upashe joto kidogo hadi nyuzi 50. Usipoyeyuka baada ya saa moja, anza upya na mmumunyo mwepesi zaidi.

Iodini iliyomwagika izime kwa mmumunyo wa thiosalfeti ya sodiamu. Rangi itapotea mbele ya macho yako. Kamwe usiioshee amonia iliyokolea, kwa kuwa iodini na amonia huzaa kitu cheusi ambacho kikikauka hulipuka kwa kuguswa tu, na fedha na amonia nazo zina kisa chao kibaya cha namna hiyo. Mabaki yenye fedha yaweke kwenye chombo chake, kilichoandikwa, mbali na chombo cha amini na amonia. AgI uliyokwisha kuipima iende humo humo.